Kifuniko cha Oili Nilichokikana

Kifuniko cha oili nilikipoteza mimi.

Ni sentensi fupi, mtoto wa darasa la pili angeiandika bila kukosea, lakini mimi mwenye shahada ilinichukua miezi minne kuitoa mdomoni. Kabla ya hapo nilikana. Nilikana mbele ya dereva, nikakana kwa mkubwa wangu wa Bukoba kwa fomu yenye nakala tatu, na nikakana hata nilipokuwa peke yangu ndani ya gari, madirisha wazi, pua imejaa harufu ya oili inayoungua. "Sisikii kitu," nilikuwa nikisema kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Kyerwa ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Mradi wa miche ya kahawa ulioniajiri ulinipa nyumba Kayanga, pikapu nyeupe, dereva, na cheo kilichonizeesha kwa siku moja. Mwanamume mwenye kazi kama yangu aliitwa Bwana Shamba na hakuna aliyeshangaa. Mimi nikawa Bibi Shamba. Wazee wenye vitukuu waliniita Bibi. Wanawake wa rika langu, mtoto mmoja mgongoni na wawili kwenye sketi, waliniita Bibi. Nilikuwa sijaolewa wala sina mtoto, na jina lile nililivaa kama nguo ya kuazima, kila mara nikiogopa mwenyewe atatokea kuidai.

Kwetu ni Muleba. Kihaya changu na Kinyambo cha watu wa Karagwe ni ndugu wa tumbo moja, tunaelewana bila mkalimani, lakini kila nilipofungua mdomo sokoni muuza ndizi alitabasamu na kuniuliza nimefika lini. Nilikuwa nimefika mwaka mmoja uliopita. Nyumba ya mradi ilisimama peke yake juu ya kilima. Ukungu uliingia asubuhi bila kubisha hodi na ulikuwa mgeni wangu wa kila siku. Jioni nilifuma. Nilifuma sweta moja la buluu ambalo mikono yake ilipita mikono yangu kwa shubiri nzima, kwa sababu kila nilipofika kwenye kiganja niliona jioni bado ipo.

Mtu pekee niliyezungumza naye kila siku alikuwa dereva, na "kuzungumza" ni neno kubwa. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, yeye akiwa mgongoni. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke, watoto watano, na kibanja chake cha migomba Ihanda. Kwa umri alistahili shikamoo yangu. Kwa cheo, nilijiambia, bosi hamwamkii dereva. Basi kila asubuhi tulikwepana: yeye alisema, "Umeamkaje, Bibi Shamba," mimi nikasema, "Salama," na shikamoo ikabaki nje ya gari kama abiria aliyekosa nafasi.

Mbele ya kiti chake, karibu na kioo, alikuwa na kopo dogo la kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikakaushwa, ambazo upande wetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Tukianza kupanda kilima chochote alininyooshea kopo bila kunitazama. Nilichukua punje mbili. Yeye alichukua mbili. Tukatafuna mpaka kileleni. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na mpaka leo sijawahi kuwa na mazungumzo yaliyonitosha kama yale.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa mpira, baada ya saa za kazi.

"Bibi Shamba, klachi si adui yako."

"Naikanyaga polepole."

"Unaikanyaga kama umeona siafu."

Jumamosi mchana aliegesha gari kwangu, akaniachia ufunguo, akapanda baiskeli kwenda Ihanda hadi Jumatatu. Kanuni ya mradi ilikuwa wazi: gari halitembei Jumapili. Lakini Jumapili ya Kayanga ilikuwa na saa nyingi kuliko siku nyingine. Watu walikwenda makanisani, wakarudi na wageni, moshi wa jikoni ukapanda kila mji isipokuwa kwangu. Mimi nilizaliwa Mlutheri, chuoni nikajifanya sina haja na kanisa, na sasa nilikuwa naona aibu kurudi benchi la nyuma kama mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kukosa ada. Basi nikaanza kutoka na gari. Nilijiambia nakwenda kukagua kitalu cha Kiruruma. Miche ya kahawa haina haja ya kukaguliwa Jumapili, haiendi popote. Ukweli ni kwamba nilikuwa naendesha mpaka barabara inapoharibika, nazima injini, natazama vilima, kisha narudi.

Jumapili moja, kwenye mlima wa Kiruruma, taa nyekundu ya oili iliwaka. Nilisimama, nikafungua boneti kama nilivyofundishwa, nikachomoa kijiti cha kupimia; kikatoka karibu kikavu. Nyuma ya kiti kulikuwa na galoni ya oili. Nilifungua kifuniko juu ya injini nikakiweka pembeni, karibu na radieta. Wakati huo walikuwa wanapita wanawake wawili wanaotoka kanisani, viatu mkononi, wakasimama kunitazama.

"Bibi Shamba, na hilo unaliweza?"

"Ni kazi ndogo tu, mama."

"Ndogo! Wangu mimi akifungua boneti tunaita kijiji kizima."

Wakacheka, nami nikacheka nao, na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kucheka na mtu, nikaanza kuigiza. Nilimimina oili kwa madaha. Nilifuta mikono kwa madaha. Nilishusha boneti kwa kishindo kilichowafanya waruke, nikaingia garini na kuwapungia mkono kama waziri. Kifuniko kilibaki pale pale nilipokiweka, kisha, bila shaka, kilishuka mahali fulani kati ya Kiruruma na Kayanga na kuanza maisha yake.

Nilijua nilipofika nyumbani. Boneti kwa ndani ilikuwa imerushiwa oili kama mtu aliyekaanga na kusahau kufunika, na juu ya injini palikuwa na tundu linalonitazama. Jua lilikuwa linazama. Kurudi na injini iliyo wazi kusingewezekana. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani halifanywi na mtu yeyote duniani isipokuwa mjukuu wa mpika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikabandua ganda kavu la mgomba, nikalikunja mara tatu na kulipindua kama bibi yangu alivyokuwa akiziba kibuyu cha pombe, na ncha ya chini nikaifunga kwa uzi wa sweta langu ili isilegee. Likaingia kwenye tundu na kukaa sawasawa. Nililipiga kofi. Nilijiona nimeunganisha elimu mbili: ya chuo kikuu na ya bibi. Bibi, namwomba radhi, hakuwahi kuziba kibuyu kinachochemka.

Jumatatu dereva alifungua boneti, kama kila asubuhi, akainama juu ya injini. Kisha akasema, "Bibi Shamba, kifuniko kimekwenda wapi?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Lakini nyuma ya jibu lile kulikuwa na swali jingine, na nililiona likija: Jumapili ulikuwa unakwenda wapi? Sikuogopa kanuni ya mradi. Niliogopa kusema "popote". Niliogopa ijulikane kwamba msomi wa Muleba, mwenye nyumba ya bati na gari la mradi, Jumapili huzunguka vilimani kwa sababu hana mlango wa kubisha.

"Nikuulize wewe," nikasema. "Dereva si wewe?"

Aliniangalia mara moja. Jumamosi alikuwa ameegesha gari lenye kifuniko. Hakuhitaji shahada kujua kilichotokea katikati. "Haya," akasema. Akachomoa ganda la mgomba, akachonga kizibo cha mti, akakivisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, tukaenda kazini. Kwenye kilima cha kwanza alininyooshea kopo. Nilichukua punje mbili nikatafuna kama ninayemeza vidonge.

Miaka ile kipuri hakikununuliwa, kiliombwa. Fomu ilikuwa na mstari mmoja usemao: sababu ya upotevu. Nikaandika: "Hakikuonekana Jumatatu asubuhi. Gari lipo chini ya uangalizi wa dereva." Kila neno lilikuwa la kweli, na kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu, chuoni tulipata alama kwa kuandika hivyo. Bukoba walisoma kama mtu yeyote wa wakati ule angesoma. Vifaa vya magari vilikuwa adimu kama dhahabu, Murongo mpakani walikuwepo wanunuzi wa kila kitu, na dereva aliyepotewa na kipuri alihesabiwa kuwa amekiuza. Hasa dereva ambaye watu bado walimwita mtu wa kuja, miaka arobaini baada ya kuja kwake.

Kifuniko kipya kilifika kwa basi, ndani ya bahasha moja na barua ya kumsimamisha kazi. Alitakiwa kuripoti ofisini Bukoba kila asubuhi mpaka shauri lake liamuliwe. Nilimpa barua ile mwenyewe. Aliisoma, akaikunja, akaniachia ufunguo.

"Linanuka, Bibi Shamba," alisema kabla hajapanda baiskeli. "Tangu juzi. Ukipanda mlima."

"Sisikii kitu," nikasema.

Nilikifunga kifuniko kipya nikiwa na uhakika kwamba harufu itakoma, kwa sababu kama kuna harufu, ambayo haikuwepo, ilitokana na kizibo chake cha mti. Harufu haikukoma. Wiki ya kwanza ilikuja kwenye milima mikali tu, nzito, chungu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni mwa jirani. Wiki ya tatu ikaja hata tambarare. Nilimlaumu dereva: bila shaka hakukaza vizuri mahali fulani. Niliendesha peke yangu kutoka kitalu hadi kitalu, na wakulima wakaanza kunipokea kwa utani.

"Bibi Shamba, leo unakaanga nini humo?"

"Ni breki tu."

"Breki za nyama au za samaki?"

Kopo la kahawa lilikuwa bado mbele ya kiti. Mwanzoni sikuligusa, lilikuwa la mtu. Kisha siku moja kwenye mlima mrefu mkono wangu ulikwenda wenyewe. Punje mbili. Niliponyoosha kopo upande wa pili, kwa mazoea, kiti kilikuwa kitupu, nikalirudisha upesi kama aliyeonekana.

Siku moja Ihanda nilimkuta mke wake kando ya barabara, jembe begani. Ningeweza kupita. Nilisimama kwa sababu kutosimama kungekuwa ungamo.

"Waitu Bibi Shamba," alisema kwa heshima ya kwetu, akiinamisha kichwa, "gari limepona?"

"Bado linanuka kidogo." Ilikuwa mara ya kwanza kulikubali, na nililikubali mbele ya mtu asiye na nafasi ya kunicheka.

"Pole sana," akasema. "Na upweke wa njia." Akaniomba nisubiri, akaingia migombani, akarudi na mkungu wa ndizi akaupakia nyuma mwenyewe. Alisema baba watoto anaishi kwa binamu yake Bukoba, analala sebuleni, na kila siku anakaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi mpaka wafunge. "Wanasema ni utaratibu," alisema. Niliwasha injini. Ndizi zile zilikaa jikoni kwangu mpaka zikaiva zikaoza. Sikuweza kuzimenya.

Mwezi wa nne wa kukana kwangu ilikuja barua. Shauri la dereva lingeamuliwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kama nilikuwa na jambo la kuongeza, niliongeze kabla ya hapo. Kama sina, ukimya wangu ungechukuliwa kuwa nimeridhia afukuzwe. Niliiweka barua chini ya sweta. Sweta lilikuwa limekwisha. Nililivaa kila siku, mikono nimeikunja mara mbili.

Siku mbili kabla ya Ijumaa ile, nikirudi kutoka Murongo, boneti ilianza kutoa moshi. Haukuwa moshi wa kubishana nao. Nilijikokota hadi Omurushaka, kwa fundi ambaye karakana yake ilikuwa kivuli cha paa la mabati manne na gogo la kukalia. Alikuwa Mnyambo mpana, mwenye sauti ndogo, na kabla sijazima injini alikuwa amekwisha kunusa.

"Tangu lini?"

"Leo."

"Leo." Alipitisha kidole kwenye injini, akanionyesha tope jeusi nene, vumbi la barabara lililokandwa na oili likawa kama ugali wa shetani. "Leo yako ina miezi mingapi, mama?"

Aliiacha injini ipoe, akaiosha yote kwa petroli na brashi, akaisubiri ikauke. Kisha akapaza sauti kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara: "Nipe unga wa muhogo, kikombe kimoja!"

"Wa kula?"

"Wa kupaka!"

"Huna akili wewe! Unga wangu kwenye gari!" Lakini aliuleta, akabaki kutazama.

Fundi aliunyunyiza unga juu ya injini kwa vidole, taratibu, kama anayeupaka mkate, mpaka chuma chote kikawa cheupe. Akaniambia niwashe na kukanyaga mafuta kidogo. Tukainama wote watatu. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, kwenye ukingo wa mfuniko mkubwa unaofunika valvu, mstari mwembamba wa unga ukageuka kuwa kahawia, ukalowa, ukashuka polepole mpaka kwenye bomba la moto la ekzosi, na harufu ile ile ikapanda machoni mwetu.

"Ndiyo hapo," alisema mama ntilie, kama aliyeshinda kesi.

"Basi ni gasketi," nikasema haraka. "Dereva hakuikaza."

"Gasketi ni jirani tu," alisema fundi. "Kwanza tujue nani anamsukuma. Oili ikipanda juu inatakiwa ishuke kwa njia zake. Hii haishuki. Inajaa hapa juu, inatafuta dirisha."

Akafungua mfuniko. Ndani oili ilikuwa imetuama kama bwawa. Alichukua spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, akaanza kuchokoa kwenye matundu ya kushushia oili. Ukatoka unyuzi mmoja mweusi. Ukatoka mwingine. Kisha akavuta kitu kizima, kidonge cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, akakitumbukiza kwenye kikopo cha petroli na kukisuguasugua.

Ilikuwa ncha ya chini ya kizibo changu. Dereva alipokichomoa siku ile, ilikatika ikabaki ndani, na yeye hakuiona. Ganda la mgomba lilikuwa limekunjwa mara tatu na kupinduliwa, kama kwa bibi. Na kadiri fundi alivyosugua, kiunoni mwa ganda ukajitokeza uzi. Ulikuwa mweusi, kisha kijivu, kisha buluu.

Fundi aliutazama uzi. Akatazama mkono wa sweta langu, uliokunjwa mara mbili. Akautazama tena uzi.

"Bibi Shamba," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "injini yako imevaa sweta."

Mama ntilie alishika mdomo. Mimi nilitazama barabara.

"Dereva wako namfahamu," fundi aliendelea, akipangusa mikono. "Yule ni mtu wa maziwa. Kwao kibuyu kina kifuniko cha kusuka. Hii ya kukunja na kupindua ni ya watu wa rubisi, na mimi ni mmoja wao, sijivuni. Lakini sikuulizi kitu. Nakueleza ugonjwa wa gari."

Alikata gasketi mpya kutoka kwenye boksi la maziwa ya unga, akaigonga kwa nyundo kufuata ukingo wa mfuniko, tik tik tik, mpaka ikapata sura yake. Alipomaliza akakifunga kile kidonge kwenye kipande cha gazeti akanipa.

"Cha nini?"

"Mtu aking'olewa jino anapewa aende nalo."

Nilirudi Kayanga bila harufu. Nilidhani nitafurahi. Lakini harufu ile ilikuwa imekaa nami muda mrefu, ilikuwa kitu cha kubishana nacho njiani, na sasa ndani ya gari kulibaki mimi na sauti ya injini nzima isiyo na la kulalamika. Kwenye mlima wa mwisho nilifungua kopo. Zilikuwa zimebaki punje mbili. Nilizitafuna zote.

Asubuhi niliandika barua, nikaifunga pamoja na kipande cha gazeti, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la Bukoba. Ingefika jioni, ofisi ikiwa imefungwa, na kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kwa hiyo nikaenda posta kupiga simu.

Wanaokumbuka simu za miaka ile wanajua kwamba siri haikuwa miongoni mwa huduma zake. Kibanda hakikuwa na mlango. Opereta alizungusha mkono wa mashine, akaita "Bukoba! Bukoba!" kama anayemwita mtoto aliyevuka bonde, na nyuma yangu walisimama masista wawili, mwalimu mmoja, na mzee aliyekuja kutuma telegramu ya msiba. Nilisubiri saa nzima. Nilifanya mazoezi ya maneno ya taratibu, yenye heshima. Kisha sauti ya mkubwa wangu ikatokea, mbali, kama ipo chini ya maji.

"Ni kuhusu kifuniko cha oili," nilisema taratibu na kwa heshima.

"Sikusikii! Paza sauti!"

"Kifuniko cha oili! Nilikipoteza mimi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Dereva?"

"Mimi! Jumapili! Nilikuwa naendesha mwenyewe!"

Mwalimu nyuma yangu aliacha kukunjua bahasha yake. Waya ulivuma. Kisha likaja swali nililolikimbia kwa miezi minne.

"Jumapili ulikuwa unakwenda wapi?"

"Popote!"

"Nini?"

"Sikuwa nakwenda popote!" nikapiga kelele. "Nilikuwa peke yangu nyumbani, sina pa kwenda, nikatoka tu!"

"Pole, mwanangu," alisema yule mzee wa telegramu, aliyekuwa na msiba wake wa kutosha.

"Andika hayo yote," alisema mkubwa.

"Nimeandika. Yapo kwenye basi. Na ushahidi."

"Ushahidi gani?"

"Ganda la mgomba."

Upande wa pili nilisikia karatasi zikipekuliwa. "Anarudi kazini leo," alisema mwishowe. "Lakini si kwako. Atachukua lori la miche la Murongo, awe anapita kwao kila wiki. Dereva mwingine sina. Kwa kuwa umekwisha kujua kuendesha, utaendesha mwenyewe." Nikasikia kiti kikisukumwa. "Yupo hapa kwenye benchi. Unalo la kumwambia?"

Kabla sijasema ninalo au sina, nikasikia pumzi nyingine kwenye waya.

"Bibi Shamba."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu polepole, kama mtu anayepokea kitu kupitia dirishani na hajui uzito wake.

"Nisamehe."

"Linanuka bado?"

"Hapana. Fundi wa Omurushaka amelitibu."

"Alitumia unga?"

"Wa muhogo."

"Yule anajua kazi."

Opereta aliniinulia kidole: muda unakwisha. Nilitaka kumwuliza maneno mengi, kuhusu benchi, sebule ya binamu, kwa nini hakusema kitu siku zote zile. Yeye akatangulia.

"Kuna kopo langu la kahawa mle mbele," alisema. "Ukipita Ihanda, limpe mama watoto."

Nilitazama sakafu ya posta. Nilitazama mikono ya sweta langu. Nilikuwa na jibu jingine tayari, jepesi, la kwamba sijaliona, na nililisikia likipanda kooni kwa mazoea.

"Kahawa imekwisha," nikasema. "Nimeitafuna mimi. Yote."

"Na hilo nilijua," akasema, halafu nikamsikia akicheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, kicheko kirefu cha mtu aliye mlimani, mpaka opereta akachomoa waya.